Maji ya Kumbatiza Waruguru

Gatongora, Ruiru
11 Januari 2025

Kwa Cucu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Dianah, ambaye siku hizi tumbo linatangulia kupita mlangoni kabla yake. Sisi hatujambo. Jirani yako Musembi aliponiletea kapu la nyanya aliniambia ulienda kuangaliwa masikio, daktari akasema hayo hayatarudi. Pole sana Cucu. Basi tutaendelea na kalamu. Ningependa kukutumia ujumbe kwenye simu ya Musembi akuonyeshe, lakini ulishasema hutaki Gatuanyaga nzima ijue habari zako kabla yako. Sawa, bora uvumilie mwandiko wangu.

Habari njema ni kwamba wamesema mtoto ni msichana. Mwezi wa nne akija tutamwita Waruguru, kama marehemu mama.

Kazi nayo imekubali. Ile kampuni yangu ya kupandisha watu Mlima Kenya sasa ina mabango mawili, moja pale Membley. Limeandikwa ONA BARAFU KABLA HAIJAISHA. Watu wameipenda hiyo. Kila wikendi nina basi limejaa watu na viatu vipya. Shida ni kwamba huko juu kumejaa. Krismasi tulipiga foleni ya choo kama ya benki mwisho wa mwezi. Wateja wanalalamika kwamba hawakutoka Ruiru kwenda kuona watu wengine wa Ruiru.

Ndipo nikakumbuka lile ziwa dogo la Guka, babu yetu marehemu. Miaka yote aliyopikia wazungu na kuwabebea mizigo mlimani alikuwa akienda pale peke yake, na hakumwonyesha mtu. Lakini wewe alikueleza njia, shangazi wote wanasema hivyo. Tafadhali niandikie nifike vipi.

Mjukuu wako,
Gachau


Gatuanyaga
2 Februari 2025

Mume wangu Gachau,

Dianah asinikasirikie. Jina la Guka wako ulipewa wewe, na mwenye jina la mume wangu ni mume wangu, hata kama hajui kukama mbuzi. Ulipokuwa mdogo nikikuita hivyo ulikuwa ukijificha chini ya kitanda. Sasa una ndevu, huna pa kujificha.

Mimi niko. Masikio yamekufa lakini macho yanafanya kazi ya vyote viwili. Mvua za vuli zilitudanganya, zikaja siku chache zikaenda. Mahindi nimewapa mbuzi yakiwa mabua. Yule mweupe amezaa mapacha, mmoja ana tabia zako, anapanda juu ya kila kitu. Kisima cha kina Musembi kimeanza kutoa matope, kwa hivyo tunanunua maji ya mkokoteni. Vumbi la huku limezidi. Pikipiki ikipita unakula kabla ya kupika.

Nimefurahi kuhusu Waruguru. Mwambie Dianah ale maini, na asinyanyue ndoo.

Hilo bango lako nimelifikiria sana. Barafu inaisha, nawe unauza tiketi za kwenda kuona inavyoisha. Ni kama kumtoza mtu pesa aingie kumwona mgonjwa. Nilipohamia hapa na Guka wako, asubuhi isiyo na mawingu nilikuwa nikisimama mlango wa jikoni naona mlima umevaa nyeupe kichwani. Siku hizi nikiuona ni mweusi, natafuta alama moja tu nyeupe mpaka macho yananitoka machozi. Nilifundisha jiografia, najua mambo ya joto na hewa. Lakini kujua hakunifanyi nisiumie.

Kuhusu lile jambo lingine uliloniuliza, karatasi imeisha.

Cucu wako,
Waithira


Gatongora
20 Februari 2025

Kwa Cucu,

Hatujambo. Dianah anakula maini mpaka anayachukia, na anakusalimu.

Cucu, karatasi imeisha aje na ulikuwa umejaza ukurasa mzima na mbuzi? Nimecheka, lakini najua umekataa. Bango unalichukulia vibaya. Watu wakiona barafu kwa macho yao ndio watajali. Asiyepanda hatajali.

Wacha nikuambie ukweli kuhusu ziwa. Nataka maji ya kumbatiza Waruguru. Sisi wote wa nyumba hii tulibatizwa na maji ambayo Guka alishusha kutoka pale kwenye chupa. Baba, shangazi, mimi, mpaka Lynn, mdogo wetu wa mwisho. Ubatizo wa Lynn sikuuona, nilikuwa shule ya bweni, na Guka akafariki mwaka uliofuata. Huyu ndiye kitukuu wako wa kwanza, tena ana jina la mama. Abatizwe na maji ya bomba la Gatongora kweli? Hayo yakija hata nguo hatufui bila kuyaacha yatulie kwanza.

Nakuomba. Si kwa ajili yangu.

Gachau


Gatuanyaga
9 Machi 2025

Mume wangu,

Umenishika pabaya, na unajua.

Mimi sijambo. Mmoja wa mapacha alikufa, yule mpole. Mwenye tabia zako yuko.

Ulipotaja chupa nilikaa chini. Tulipombatiza baba yako, mchungaji wa wakati ule alikataa. Alisema Yordani haitoki Kirinyaga, mlimani kwetu. Guka akamwuliza, na lile bomba la kanisa linatoka Yordani? Wazee wa kanisa walicheka mpaka mchungaji naye akacheka, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena. Guka alikuwa akishuka na ile chupa imefungwa kwa gazeti ndani ya sweta, anaibeba kwa uangalifu kuliko alivyowahi kubeba mzigo wa mzungu yeyote. Hakuna aliyeruhusiwa kuifungua mpaka kanisani.

Basi sikiza. Sikukanyaga pale hata siku moja, lakini alinieleza mara nyingi hivi kwamba nikifumba macho naenda. Pale matope yanapoisha, njia ya watu wote inakata kulia. Wewe iache. Shika kijito mkono wa kushoto, upande nacho mpaka mawe matatu yaliyoegemeana. Hapo kijito kinaingia chini ya nyasi na mtu hudhani kimekwisha. Usirudi. Endelea mbele kwa kusikia, kwa sababu kinalia huko chini. Sauti ikitoka nje tena umefika. Ziwa lenyewe si kubwa kuliko uwanja wetu wa kanisa.

Utaona ile mimea mirefu yenye kichwa kama kabeji na majani makavu yaliyoning'inia shingoni mpaka miguuni. Hayo majani ni koti lake. Huko usiku maji yanaganda, na mmea ukivuliwa koti unakufa kwa baridi, hata kama kichwa bado ni kibichi. Guka alikuwa anagombana na wageni kwa sababu ya majani hayo, maana yanashika moto haraka. Mmea mmoja wa urefu wako ni mkubwa kwa umri kuliko mimi.

Nenda peke yako, au na mtu mmoja. Usilale pale. Chota, shukuru, ushuke. Hivyo ndivyo alivyofanya, na hilo ndilo sharti langu.

Nimekupa. Usinifanye nijute.

Waithira


Gatongora
28 Mei 2025

Kwa Cucu mpendwa,

Najua nimekawia sana kuandika. Nisamehe. Kwanza kulikuwa na msimu wa Pasaka, halafu Waruguru alikuja, na kama Musembi alivyokujulisha, alikuja usiku na haraka. Yuko salama. Ana paji la uso la mama, hata Syokau, mama yake Dianah, ambaye hakuwahi kumwona mama isipokuwa kwa picha, alisema hivyo bila kuulizwa. Analia kwa sauti ambayo nina hakika hata wewe utaisikia.

Ubatizo tumeuweka Jumapili ya tarehe 15 Juni, kanisani kwenu huko Gatuanyaga, kama tulivyokubaliana kupitia Musembi. Syokau atakuja na watu wake kutoka upande wa Kilimambogo na ameshasema chapati ni zake.

Chupa ninaituma na Musembi pamoja na barua hii. Nimeifunga kwa gazeti kama Guka.

Ziwa nililiona. Ni mahali pazuri. Limepungua, Cucu, ukingo wa zamani unaonekana kwa matope yaliyopasuka. Ni hali ya hewa. Barafu iliyokuwa ikililisha haipo, na masika yenyewe yalichelewa. Wataalamu wanasema hakuna la kufanya, vitu vingi vya huko juu vitaondoka wakati wetu. Kwa hivyo usihuzunike sana ukisikia mambo. Dunia nzima ni hivyo.

Nitakuona tarehe 15. Usifungue kabla.

Gachau


Gatuanyaga
22 Juni 2025

Mume wangu,

Natumaini mlifika salama na mtoto hakutapika njiani.

Ilikuwa siku nzuri. Nyimbo sikuzisikia lakini niliona midomo, na nilijua tuko ubeti gani. Waruguru hakulia maji yalipomgusa. Alimtazama mchungaji kama anayemwuliza, ndio hayo tu? Nililia mimi kwa niaba yake. Chapati za Syokau ziliisha kabla wazee hawajafika, na sasa wazee wana kinyongo.

Maji yalikuwa safi, mume wangu. Safi kabisa. Mchungaji aliyamimina kwenye beseni nikaona maua yaliyochorwa chini yake, yote, na jina la kiwanda. Sijawahi kuona maji ya mlimani yaliyo safi namna ile.

Nilitaka tukae kidogo nyuma ya jikoni, wewe na mimi, na daftari la kuandikiana. Lakini kila nilipogeuka ulikuwa umebeba sufuria. Hujawahi kupenda sufuria hivyo tangu uzaliwe.

Kuna kitu ungependa kuniandikia?

Waithira


Gatongora
6 Julai 2025

Kwa Cucu,

Salamu kutoka kwetu sote. Waruguru ameanza kucheka, hasa akiniona nimevaa kofia ya kazi.

Nashukuru maji yalikupendeza. Hakuna kitu kingine, ni kazi tu. Julai na Agosti ndio tunavuna, hata nyumbani nalala kwa kupitia. Ukihitaji chochote mwambie Musembi.

Gachau


Gatuanyaga
17 Agosti 2025

Gachau,

Leo sikuiti mume wangu. Mume wangu hakuwa akinidanganya.

Barua hii imekuja na chupa. Ni ile ile, na maji yaliyobaki baada ya ubatizo. Yanywe, ni yako.

Hukuwapo Lynn akibatizwa, kwa hivyo hukujua. Ungeniuliza ningekueleza. Maji ya Guka hayakuwa safi hata siku moja. Yalikuwa rangi ya strungi nyepesi, chai isiyo na maziwa, kwa sababu yanalala kwenye mizizi na majani yaliyooza ya miaka na miaka. Mchungaji alikuwa akimtania kila mara, Mzee Gachau, leo tunabatiza au tunakunywa chai? Lile gauni jeupe ambalo Waruguru alivaa ndilo mlilovaa nyote. Dianah alisugua kola yake na sabuni ya unga mpaka nikamshika mkono. Lile doa la rangi ya udongo pale kwenye kola si uchafu. Ni maji yenu. Ni baba yako, ni shangazi zako, ni wewe, ni Lynn. Nilitaka Waruguru aongezee lake.

Mchungaji alipomimina nilijua kabla beseni halijajaa. Nilinyamaza kwa sababu ya mtoto, na kwa sababu mtu asiyesikia akianza kusema kanisani anapiga kelele bila kujua. Halafu nikakungoja. Nikakuuliza ukaniandikia kuhusu kofia.

Nimeumia, Gachau. Maji ya bomba si kitu, Mungu anayajua yote. Kilichoniuma ni kwamba ulinitazama, mzee asiyesikia, ukadhani pia haoni.

Nieleze ulifanya nini pale. Usinieleze habari za jua kali. Jua nalijua.

Waithira Gachau


Gatongora
14 Septemba 2025

Kwa Cucu,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Dianah ameisoma chupa mezani kila siku kama gazeti, hakuniuliza, mpaka juzi akauliza. Nikamweleza yeye kwanza. Amekwenda kwao Kilimambogo na mtoto wiki hii. Anasema si kwa hasira, anataka tu kufikiri mahali ambapo mimi siongei.

Nilienda na watu arobaini.

Ulinipa njia mwezi wa tatu, na wikendi ya mwisho ya mwezi huo huo nilikuwa pale na mahema. Maji ya Waruguru yalikuwa kweli, Cucu, sikuyabuni. Lakini nilikuwa nimeshawaahidi wateja mahali ambapo hapajaguswa, na wakati nakuandikia kuhusu mtoto orodha ilikuwa imejaa. Kulala pale hakuruhusiwi hata na wenye mbuga. Nilijua.

Kijito nilikifuata mpaka mawe matatu. Nikawaambia watu wanyamaze. Wakanyamaza, hata wale wa spika wakazima, na nikasikiliza kama ulivyosema. Hakukuwa na sauti yoyote. Kilikuwa kimekauka huko chini. Nilifika kwa kutumia ramani ya simu na kwa kubahatisha. Hapo ndipo ningepaswa kurudi. Mlima ulikuwa umeshaniambia uko hali gani.

Ziwa lilikuwa nusu ya uliloniambia, lakini maji yalikuwepo, na yalikuwa rangi hiyo hiyo. Niliyaona, Cucu! Nikadhani ni machafu. Nikasema nitachota siku nyingine, yakitulia.

Usiku baridi ilikuwa kali, na watu wa Membley hawajazoea. Walianza kuvua yale majani ya kuwasha moto. Nilisema kidogo, halafu nikaacha, kwa sababu walikuwa wateja na walikuwa wanatetemeka. Asubuhi ile mimea ilikuwa imesimama uchi pande zote. Mmoja wao akarusha droni, akaweka picha mtandaoni na mahali penyewe. Pasaka niliporudi nilikuta kampuni nyingine tatu. Na mimi sikuondoka. Nilitafuta pembe yangu nikapiga mahema.

Choo hakikuwepo. Watu walienda nyuma ya mimea. Hakuna udongo wa kuchimba huko, ni mizizi na maji tu. Masika yalipokuja hatimaye, yakaja kwa nguvu, yakasomba kila kitu mpaka ziwani.

Mwishoni mwa Mei nilipanda peke yangu na chupa. Nilitaka kutimiza angalau sharti hilo. Kulikuwa na tishu zinaelea, na karatasi za noodles, na povu ukingoni. Na harufu, Cucu. Kwenye baridi ile, ambapo nyama haiozi, kulikuwa na harufu. Nilichuchumaa na chupa mkononi na nikashindwa kuizamisha. Nilifikiria kichwa cha Waruguru.

Nilishuka, nikachota maji ya bomba jikoni kwetu hapa Gatongora, nikayachemsha na kuyachuja mara mbili yawe safi, nikajaza chupa. Nilidhani usafi ndio utakudanganya.

Ni kweli ziwa lingepungua bila mimi. Hiyo nimejiambia kila siku tangu Mei na haijanisaidia kulala.

Naona aibu. Sijui kama mtoto wangu amebatizwa au hajabatizwa. Nataka kufunga kampuni. Niambie nifanye nini.

Gachau


Gatuanyaga
5 Oktoba 2025

Gachau,

Nimesoma barua yako mlango wa jikoni, nikaisoma tena kitandani. Huku hatujambo. Kisima kimekauka kabisa. Syokau alinitembelea na mtoto, nimemshika siku nzima, ana nguvu za kushika nywele. Dianah atarudi kwako, ameshapiga pasi nguo. Usimwambie nimesema.

Unauliza kama Waruguru amebatizwa. Amebatizwa. Hayo maji uliyachemsha ukayachuja mara mbili, hakuna mtoto wa Gatuanyaga aliyewahi kubatizwa na maji yaliyohangaikiwa hivyo. Mtoto yuko ndani. Aliyebaki nje ni wewe.

Nilikukasirikia sana. Nilimkasirikia hata Guka kwa kuniambia njia, na mimi mwenyewe kwa kukumbuka vizuri. Hasira hiyo haijaisha na sitakudanganya kwamba imeisha. Ulikuta mgonjwa, na badala ya kumfunika ukamkalia kifuani. Halafu ukaja kuniambia alikuwa mgonjwa tangu zamani. Ndiyo, alikuwa. Hilo ndilo lililopaswa kukufanya utembee kwa ncha za miguu.

Usifunge kampuni. Ukifunga leo, kesho mwingine atabandika bango pale pale Membley na hatakuwa na Cucu wa kumgombeza. Toa lile neno la barafu. Nenda kwa wenye mbuga uwaeleze mwenyewe ulichofanya, na wakikuadhibu ukubali. Waombe ruhusa ya kupanda na magunia ushushe ule uchafu, wa kwako na wa wengine, mgongoni, kama Guka alivyobeba mizigo ya watu. Nenda na wale waliovua makoti ya mimea, wakikubali. Wasipokubali nenda peke yako.

Ubebe na ile chupa. Ukikuta maji ya strungi, maji ambayo ungeyagusisha kichwa cha mtoto, uniletee. Ukikuta bado hayafai, usijaze. Usijaze hapo, wala njiani, wala jikoni kwako. Iniletee jinsi ilivyo. Ninaweza kuishi na chochote utakachoniletea, ila usinifungie gazeti tena.

Na chumvi ya mbuzi imeniishia. Ukija kumbuka.

Waithira


Gatongora
7 Desemba 2025

Kwa Cucu,

Nimerudi juzi. Dianah na Waruguru hawajambo, wamelala, mmoja na meno mawili.

Kwa wenye mbuga nilienda. Walinisikiliza mpaka mwisho, wakaniandikia faini, kisha wakanipa mlinzi wa kwenda nami. Kati ya wale watu arobaini walikuja sita. Musembi alikuja pia, hajawahi kupanda hata kilima cha Kilimambogo, na alitapika njia nzima akikataa kurudi. Tulishusha magunia siku kadhaa, kwa glavu na koleo. Mengine yaliyozama hatukuyafikia.

Kijito bado hakilii. Mimea tuliyoivua koti mingi imelainika shina, ukiibonyeza kidole kinaingia. Michache ina kichwa kibichi, lakini ulishaniambia hiyo haina maana, kwa hivyo sikujipa moyo. Tumeweka mawe kufunga ile njia yetu. Asubuhi ya kuondoka tulikuta watu wengine chini wakiuliza ziwa liko wapi, wana picha kwenye simu. Nilisimama nao nikawaeleza. Wawili walirudi. Wengine walinipita.

Nilikaa ukingoni na chupa. Maji yamebaki kidogo, na hayafai. Niliyatazama nikitafuta rangi yake kwa muda mrefu mpaka mlinzi akaniita.

Chumvi ya mbuzi iko kwenye mfuko wa bluu. Chupa ni hii, sikuifunga na chochote. Ni tupu. Nakuomba uiweke kwenye rafu ya sebuleni, pale chini, mahali ambapo Waruguru akianza kutembea mkono wake utafika. Akikuuliza ni ya nini, Cucu, usimjibu wewe. Mwambie amwulize baba yake.

Mume wako, ukikubali,
Gachau